MAMA WA MWAMI ALIYEFIA KAMEMBE
Kumbukumbu ya maisha marefu ya Kanjogera, na tunachojifunza sisi tulio mbali na makwetu



 Katika toleo hili la ukumbusho tumetengewa kurasa za kuwakumbuka mama zetu wakubwa, wale ambao familia zimewaegemea tangu siku tulipoacha makwetu. Katika kila mtaa wa kambi yupo mama wa namna hiyo. Ndiye anayejua nani ni mtoto wa nani. Ndiye anayetunza kadi ya chakula ndani ya kitambaa. Ndiye asiyelala mpaka wote wamerudi. Mama kama huyo akifa, ukoo mzima unabaki kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya kati.

Majina ya mama hao ni ya familia zenyewe, na hatutayaandika hapa. Badala yake tumeona vema tuandike historia ya mama mmoja wa zamani ambaye jina lake linajulikana Rwanda nzima, na ambaye alimalizia siku zake katika sehemu hii tunayokaa. Alifia Kamembe mwaka 1933, akiwa amefukuzwa kwao pamoja na mwanawe. Jina lake ni Kanjogera. Jina lake la ufalme ni Nyirayuhi.

Wengine watashangaa tumemchagua huyo. Wazee wa Rwanda wakisikia jina lake wengi hutikisa kichwa, maana alipendwa na walio wake na kuogopwa na wengine wote. Tunaomba msomaji avumilie mpaka mwisho, kwa kuwa ndilo jambo tunalotaka kulizungumza.

NCHI HII WAKATI HUO

Tuanze na mahali. Muganza iko katika bonde la Bugarama, pembe ya kusini magharibi ya Rwanda, ambako mto Rusizi unaipakana Kongo na mto Ruhwa unaipakana Burundi. Ni sehemu ya chini kuliko zote nchini, kiasi cha mita 950 tu juu ya usawa wa bahari, ndiyo maana joto lake linatuchosha sisi tuliotoka milimani. Leo watu wanaijua kwa mpunga, kwa maji ya moto ya Mashyuza na kwa kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Zamani eneo lote hili kutoka ziwa Kivu mpaka huku liliitwa Kinyaga.

Kinyaga ilikuwa mbali na makao ya mwami. Karibu yetu hapa zilikuwapo nchi mbili ndogo, Bukunzi na Busozo, zilizokuwa na wafalme wao wenyewe waliosifika kwa kuleta mvua. Hazikuvunjwa mpaka Wabelgiji walipozivunja kwa nguvu katika miaka ya 1920. Kwa hiyo watu wa huku walimjua mwami wa Rwanda zaidi kwa machifu aliowatuma, kwa ng'ombe waliodaiwa, na kwa uburetwa, yaani kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia chifu bila malipo.

Mwami aliyeufikisha mkono wa ufalme huku kwa nguvu zaidi ni Kigeli wa Nne Rwabugiri. Alipigana vita kila upande, akavuka mpaka ng'ambo ya ziwa. Alifariki mwaka 1895 akiwa katika safari ya vita vya Bushi. Kanjogera alikuwa mmoja wa wake zake.

MAMA ALIYEPEWA MTOTO WA MWINGINE

Kanjogera alikuwa binti wa Rwakagara, wa ukoo wa Abega. Ukoo huo ulikuwa miongoni mwa koo ambazo kwa desturi zilitoa mama wa wafalme. Hapa yafaa tueleze jambo ambalo vijana wetu waliozaliwa kambini huenda hawalijui. Katika Rwanda ya zamani mwami hakutawala peke yake. Alitawazwa pamoja na mama yake, naye aliitwa umugabekazi. Mama huyo alikuwa na boma lake, ng'ombe wake, watu wake na neno lake katika baraza. Kama mama mzazi wa mwami alikuwa amekwisha kufa, alitafutwa mwanamke mwingine wa kushika nafasi hiyo.

Mwaka 1889 Rwabugiri alimtawaza mwanawe Rutarindwa ili atawale pamoja naye na amrithi. Mama wa Rutarindwa alikuwa amekwisha kufa. Rwabugiri akamchagua Kanjogera awe mama wa mwami huyo kijana. Uchaguzi huo ulikuwa na hatari ndani yake, na inasimuliwa kwamba wapo waliomwonya. Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kiume wa kumzaa, Musinga, na alikuwa na kaka zake wenye nguvu, akina Kabare na Ruhinankiko. Mama alipewa mtoto wa mwingine amlinde, huku wake mwenyewe amelala chumba cha pili.

Rwabugiri alipokufa mwaka 1895, Rutarindwa akawa mwami kwa jina la Mibambwe wa Nne. Hakudumu. Mwaka 1896 askari wa Dola Huru ya Kongo, ile ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, waliingia Kinyaga na kupiga kambi Shangi. Jeshi la Rwanda likaja kuwafukuza, likashindwa na bunduki. Bisangwa, mmoja wa watu ambao Rutarindwa aliwategemea, aliuawa huko. Vita hivyo vilipiganwa huku kwetu, kando ya ziwa, lakini mshindo wake ulisikika mpaka ikulu. Mwami akabaki na watu wachache wa kumkinga.

Mwisho wa mwaka huohuo 1896, mahali paitwapo Rucunshu, karibu na Kabgayi, watu wa Kanjogera na Kabare waliwavamia watu wa Rutarindwa. Mapigano yalikuwa makali. Rutarindwa alipoona ameshindwa aliichoma nyumba yake, akafia humo pamoja na mkewe na watoto. Musinga, mtoto wa miaka kama kumi na mitatu, akatangazwa kuwa mwami, Yuhi wa Tano. Mama yake akawa umugabekazi, safari hii kwa mtoto wa tumbo lake.

Damu haikuishia Rucunshu. Katika miaka iliyofuata wana wengine wa Rwabugiri na watu waliodhaniwa kumpenda Rutarindwa waliuawa au walikimbia. Walionusurika walibeba watoto wao wakaenda kuombea makao kwa watu wengine. Nao walikuwa na bibi zao.

MIAKA THELATHINI NA MITANO KANDO YA MWANAWE

Kuanzia 1896 mpaka 1931 Kanjogera alikaa kando ya Musinga. Miaka ya mwanzo ndiye aliyetawala hasa, pamoja na kaka zake, maana mwami alikuwa mtoto. Wajerumani walipofika ikulu mwaka 1897 wakiongozwa na kapteni Ramsay, mwami wa kweli hakuonyeshwa kwao. Alitolewa mtu mwingine badala yake. Mama hakutaka mwanawe aonekane na wageni asiowajua. Ila yeye na Kabare walielewa haraka kwamba urafiki na Wajerumani ungewalinda na Wabelgiji wa ng'ambo na pia na maadui wa ndani. Wakaupokea.

Mwaka 1900 Mapadri Weupe walifika Nyanza, wakapewa mahali Save, mbali kidogo na ikulu. Mwaka 1903 walifungua misheni ya Mibilizi huku Kinyaga. Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya walikaa mezani wakakubaliana kuhusu mipaka, na mto Rusizi ukawa mpaka kati ya Wajerumani na Wabelgiji. Watu waliokuwa wakivuka kwenda kuoa na kuuza wakaambiwa ng'ambo ni nchi nyingine. Kabare alikufa mwaka 1911. Mama akabaki na mwanawe, sasa mtu mzima, na ukoo wake wenyewe ukaanza kugawanyika.

Mwaka 1916 Wabelgiji waliwafukuza Wajerumani. Tangu hapo ufalme ulinyofolewa kidogo kidogo. Mwaka 1917 mwami alinyang'anywa haki ya kuhukumu mtu afe au aishi. Baadaye hakuweza kumweka wala kumwondoa chifu bila idhini ya Mbelgiji. Mwaka 1925 Gashamura, mkubwa wa abiru waliotunza siri za ufalme, alipelekwa uhamishoni Burundi, na sikukuu ya muganura, ya mazao mapya, ikakatazwa. Katika miaka ya 1928 na 1929 njaa kubwa iliipiga nchi upande wa mashariki, na maelfu walikimbilia Uganda. Machifu vijana waliosoma walibatizwa, wakaangalia kwa Wabelgiji na kwa askofu badala ya kuangalia ikulu. Musinga alikataa ubatizo. Mama yake alishikilia desturi za zamani pamoja naye.

Wanaosimulia habari za ikulu ya siku hizo wanasema kwamba mama na mwana hawakuachana. Shauri kubwa halikupita bila yeye kulisikia. Upendo huo ulikuwa wa kweli, wala hatuna haja ya kuupunguza. Mama alimpigania mtoto huyo tangu akiwa mdogo, akamlinda na Wajerumani, na Wabelgiji, na jamaa zake wenyewe.

SAFARI YA KAMEMBE

Tarehe 12 Novemba 1931 gavana wa Kibelgiji, Charles Voisin, alimtangazia Musinga kwamba ameondolewa. Askofu Léon Classe alikuwa ameliunga mkono shauri hilo. Baada ya siku chache, tarehe 16 Novemba, mwanawe Rudahigwa alitawazwa kuwa Mutara wa Tatu, na Kankazi, mama wa Rudahigwa, akawa umugabekazi mpya. Kankazi naye alikuwa wa ukoo wa Abega. Kwa hiyo nafasi ya Kanjogera ilichukuliwa na mtu wa damu yake.

Desturi haikujua jambo hilo. Mwami alikuwa haachi ngoma mpaka kufa. Sasa mwami alikuwa hai, na mama yake yu hai, na wote wawili wakaambiwa wafunge mizigo. Walitolewa Nyanza na kuletwa Kamembe, juu ya ziwa, pamoja na wake na watoto na watu wachache waliokubali kuwafuata. Sehemu kubwa ya Kinyaga wakati huo ilikuwa chini ya chifu Rwagataraka, mwana wa Rwidegembya, wa ukoo uleule wa Abega. Alikuwa amekwisha kukosana na Musinga siku nyingi, na Wabelgiji walimpenda. Basi mama mzee alikuja kuishi katika nchi iliyotawaliwa na mjukuu wa ndugu yake ambaye hakuwataka.

Sisi tulio kambini tunalielewa jambo hili bila kufundishwa. Tunajua maana ya kuamka mahali ambapo mtu mwingine ndiye anayeamua utalala wapi na nani atakutembelea. Tunajua maana ya kuwa na jina kubwa kwenu na huku kuwa mtu wa kuhesabiwa. Kanjogera alikuwa ameamuru maisha ya watu kwa miaka thelathini na mitano. Kamembe hakuwa na cha kuamuru. Alibaki na kitu kimoja, kukaa na mwanawe, na hicho alikifanya mpaka mwisho. Angeweza kuombea makao ya uzee kwa jamaa waliokuwa na nguvu mpya, maana mjukuu wake ndiye aliyekuwa mwami. Alifia Kamembe mwaka 1933, miaka miwili baada ya kuhamishwa. Alikuwa amewaona wafalme wanne, kuanzia mumewe mpaka mjukuu wake, na serikali mbili za Wazungu.

WATOTO NA WAJUKUU

Uhamisho haukuisha na yeye. Mwaka 1940 Wabelgiji walimhamisha Musinga tena, wakampeleka Moba, Kongo, kando ya ziwa Tanganyika. Huko alifariki mwaka 1944. Wenzetu waliotoka upande wa Moba wanaijua njia hiyo na urefu wake.

Huko Kamembe, tarehe 29 Juni 1936, Musinga alikuwa amepata mtoto wa kiume, Ndahindurwa. Bibi yake hakumwona, alikuwa amekwisha kufa miaka mitatu kabla. Mtoto huyo alizaliwa uhamishoni, akapelekwa Moba akiwa na miaka minne, akarudi Rwanda baada ya kifo cha baba yake. Rudahigwa alipofariki ghafla Usumbura tarehe 25 Julai 1959, Ndahindurwa ndiye aliyetawazwa, Kigeli wa Tano. Mwaka 1960 alikwenda Kongo kuonana na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, na Wabelgiji wakamzuia kurudi. Januari 1961 jamhuri ikatangazwa Gitarama. Kigeli aliishi Tanganyika, Kenya na Uganda, na tangu 1992 Marekani. Alifariki huko tarehe 16 Oktoba 2016, akazikwa Mwima, Nyanza, Januari 2017. Alikuwa mkimbizi kwa miaka hamsini na sita. Nyuma yake, tangu 1959, makumi ya maelfu ya Wanyarwanda walikwisha kuvuka mipaka, na watoto wao walizaliwa katika kambi kama hii yetu.

Na Rosalie Gicanda, mjane wa Rudahigwa, aliyebaki Butare akiishi kwa unyenyekevu na kumtunza mama yake mzee, aliuawa tarehe 20 Aprili 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hakuwa na jeshi wala cheo. Aliuawa kwa sababu ya alivyozaliwa na kwa sababu ya jina la nyumba aliyoolewa.

TUMKUMBUKE VIPI?

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Katika masimulizi ya Rwanda, Kanjogera amekuwa zaidi ya mtu. Yapo masimulizi ya ukatili wake, mengine ya kutisha mno, juu ya upanga na watoto wachanga, na huwezi tena kutenganisha yaliyotokea na yaliyoongezwa na woga. Katika siasa ya miaka ya 1990 jina lake lilitumiwa kumbandika mwanamke yeyote aliyeonekana kuwa na nguvu ikulu. Hata waliomchukia mfalme walilipenda jina hilo, kwa kuwa lilikuwa tayari, halihitaji maelezo.

Kuna watu wanaosema alikuwa mama mwaminifu kuliko wote, mtu asiyemwacha mwanawe hata jua lilipozama. Ni kweli. Kuna wanaosema uaminifu wake uliteketeza nyumba ya mtoto aliyekabidhiwa amlee. Hilo nalo ni kweli. Hatuoni kwamba moja linafuta lingine. Mapenzi yaleyale yaliyompeleka Kamembe katika uzee ndiyo yaliyompeleka Rucunshu alipokuwa na nguvu. Alipenda walio wake tu, akawalipisha wengine.

Tunayasema haya kwa sababu yanatuhusu. Kila mmoja wetu alikimbia kwa sababu mahali fulani kulikuwa na watu waliowapenda sana watu wao. Wengi waliotuchomea nyumba walikuwa wana wema kwa mama zao. Na sisi vilevile, tukae macho, kwa maana jioni kwenye moto tunawafundisha watoto nani ni wetu na nani si wetu, na mwalimu wa kwanza wa somo hilo ni bibi. Akisema kwamba jirani wa ng'ambo ya mfereji ni mtu kama sisi, mtoto atalishika neno hilo kuliko semina kumi za Kamati. Akisema kinyume, pia atalishika.

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Kanjogera alimlea Musinga ndani ya woga wa jamaa, na jamaa ndio waliomwangusha.

OMBI LA KAMATI

Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anachukua majina ambayo hayakuandikwa popote. Kanjogera alikuwa na abiru wa kutunza habari zake, na maadui wa kuzitunza vilevile. Mama zetu hawana hao wala hao. Wana sisi tu.

Kwa hiyo tunaomba kila familia itafute daftari. Kijana anayejua kuandika akae na bibi yake, amwulize: ulizaliwa kilima gani? Mama yako aliitwaje? Mlikimbia mara ya kwanza mwaka gani, na mlipita njia ipi? Nani aliwapokea njiani, akawapa maji? Mwulize pia maswali magumu: ni nani waliokimbia kwa sababu ya watu wetu? Asipotaka kujibu, msimlazimishe, andikeni tu yale aliyoyasema. Akijibu, msiyafute mnayoona yanaaibisha ukoo. Daftari lenye sifa tupu litawafaa watoto siku ya mazishi tu, na baada ya hapo halitawasaidia kuishi na jirani.

Kadhalika, tunaomba walimu wa shule ya kambi wawaeleze wanafunzi kwamba historia ya mahali hapa haikuanza siku tulipoteremka kwenye malori. Kabla yetu huku walipita wafalme waliofukuzwa, wakulima waliolazimishwa kazi, watu wa Bukunzi na Busozo waliovunjiwa nchi zao, na mama mzee mmoja aliyeshushwa kutoka Nyanza akafia juu ya ziwa. Sisi si wa kwanza kuja hapa tukiwa na mizigo kichwani.

Tunawaombea afya njema mama zetu wakubwa walio hai. Waliotangulia, Mungu awalaze mahali pema. Mwenye nyongeza au sahihisho juu ya habari hizi alilete kwa Kamati, nasi tutalichapa.